Usisahau Mbuzi

Shoga zangu wa cherehani, mmeniuliza sana habari za yule mbuzi, na kila nikianza kueleza mnacheka kabla sijafika Muheza. Basi leo nimekaa nyumbani, mvua inanyesha, naandika. Someni wenyewe, mcheke mnavyotaka, mimi sipo.

Mnajua nilivyoolewa. Mama mkwe hakuja harusini. Alituma gunia la viazi na salamu, yeye akabaki Malindi. Na hii Malindi si ile ya baharini. Hii iko juu ya Lushoto, kwenye ukungu na kabichi. Alikuwa akisema watu wa pwani hawawezi baridi wala jembe, na kwamba mwanawe Zakaria akishaoa huku chini, mlima ndiyo basi tena. Tangu hapo kila alichotaka kuniambia kilipitia kwa Zakaria. "Mwambie mwenzako pole na homa." "Mwambie mwenzako asante ya sukari." Jina langu, Rehema, lililo fupi na jepesi, sikuwahi kulisikia mdomoni mwake. Nisiwadanganye, liliniuma. Nilichotaka kwa yule mama ni hicho tu, aniite jina langu.

Mwaka huu Krismasi ilipokaribia akampigia Zakaria, akasema anatutaka wote nyumbani. Mimi nitangulie kusaidia maandalizi, Zakaria atafuata mkesha, zamu zake za kiwandani zikiisha. Nilifurahi mpaka nikaanza kushona mapazia ya madirisha yake siku ileile. Lakini Zakaria akaongeza:

"Na kasema usisahau mbuzi."

"Mbuzi?"

"Mbuzi nzuri. Kasema uangalie meno yawe makali, na miguu isiyumbe."

Tulicheka. Zakaria akasema mama yake Kiswahili anakichanganya na Kishambaa, ndiyo maana anasema mbuzi "nzuri" badala ya mzuri. Kisha kicheko kikaniishia. Mbuzi wa nini? Mmoja wenu, simtaji maana anajijua, akaweka mkasi chini akaniambia, "Hiyo faini, Rehema. Umemchukua mtoto wa watu, sasa unafungua mlango." Nikasema kumbe! Mwaliko wote ule kumbe nimeitwa kulipa faini. Nilikasirika, haki ya Mungu. Lakini nikasema mbuzi nitampeleka, tena wa kumziba mdomo.

Tanga hadi Mombo

Basi liliondoka alfajiri, likakaa Muheza kama linalima. Abiria wote walikuwa wanapeleka vitu nyumbani: magodoro, madebe ya mafuta, jogoo wamefungwa miguu. Nilikaa na mama mmoja mnene, mkarimu, aliyekuwa na kapu la machungwa. Alinimenyea moja baada ya jingine bila kuniuliza kama nataka.

Aliponiuliza naenda wapi nikamweleza. Nikamweleza na ya mbuzi.

"Meno makali?" akasema. "Huyo mbuzi anaenda kuliwa au anaenda kula watu?"

"Sijui, mama. Ndivyo alivyoagiza."

"Wakwe!" akasema, akanipa chungwa jingine. Korogwe tukapata pancha, tukakaa chini ya jua mpaka machungwa yakaisha. Wakati wote huo nilikuwa napanga maneno ya kusema nikifika. Yalikuwa maneno makali kidogo. Yule mama akanisikia nanong'ona, akaniambia niyameze, niseme shikamoo tu, mengine yatajileta. Nikaitikia, ila sikuyameza.

Mnadani

Sikutaka kuburuta mbuzi kutoka Tanga, kwa hiyo nilinunua Mombo, mnadani. Joto la Mombo mnalijua. Kijana mmoja wa Kimaasai alikuwa na mbuzi wake wamesimama kwa adabu. Nikachagua mmoja jike, mweupe mwenye madoa ya kahawia, nikamwambia yule kijana amfungue mdomo.

Akamfungua. Nikatazama meno. Nikagusa. Akanitazama.

"Sasa mtembeze," nikamwambia.

"Nimtembeze wapi?"

"Hapo hapo. Nione miguu kama haiyumbi."

Akamtembeza kwenda, akamtembeza kurudi. Watu wakaanza kukusanyika. "Dada," akasema, "unanunua mbuzi au unaajiri mlinzi?" Mnada mzima ukaangua kicheko. Nikamwambia mkwe wangu kaagiza hivyo. Mzee mmoja pembeni akasema huyo mkwe anajua mifugo. Nikajisikia vizuri kidogo, nikamchukua.

Mombo hadi Soni

Tatizo likawa kupanda. Kila gari la abiria nililolisogelea, kondakta alikuwa anamtazama mbuzi kabla ya kunitazama mimi, kisha anatikisa kichwa. Nilisimama pale mpaka jua likaanza kuegemea. Mwisho nikaonewa huruma na dereva wa kenta, mzee Mbaruku, mtu wa Lushoto. Alishusha kabichi na karoti sokoni, sasa alikuwa anarudi na matenga matupu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mbuzi nyuma kwenye matenga, wewe mbele. Mfuko wako huo tupia nyuma pia, mbele nimebeba keki ya mjukuu."

Kweli, palikuwa na keki kwenye sanduku, amelifunga mkanda kama abiria. Nikautupa mfuko nyuma. Mfuko wa mapazia, jamani. Sikufikiria.

Ile barabara inapanda kwa kona, kona juu ya kona, na kila kona baridi inaongezeka kidogo. Mimi mtu wa nchi tambarare nilishika mlango kwa mikono miwili. Mzee Mbaruku alikuwa anaendesha kwa mkono mmoja, mwingine umeshikilia keki. Akaniuliza mbuzi wa nini. Nikamwambia.

"Mkwe kakwambia kwa mdomo wake, faini?"

"Hapana. Kasema nisisahau mbuzi."

"Basi hujui. Unaweza kuwa wa faini, unaweza kuwa wa shukrani. Mbuzi hana maandishi usoni."

Akanifundisha salamu ya mchana ya Kishambaa, onga mshi, akanirudisha tena na tena mpaka ulimi ukanyooka. Akasema mama wa Malindi akisikia hiyo kwa mtu wa pwani, moyo utalainika.

Karibu na Soni tukasimama. Mvua ya jana ilikuwa imeangusha udongo barabarani, foleni ya magari, wanaume wanachota kwa majembe. Watu wa nyumba za jirani walikuwa wameshazoea, walitoka na sufuria za makande na chai ya tangawizi, na watoto wakauza matunda ya plamsi kwenye sado, vile vindoo vya kupimia. Nilikula makande nimesimama kwenye ukungu, nimejifunga kanga mbili, natetemeka. Nikasema labda mama mkwe ana haki, sisi baridi hatuiwezi. Mama aliyeniuzia chai akavua mtandio wake akanifunga kichwani, akakataa katakata nimrudishie. "Krismasi," akasema tu, akaenda kuwahudumia wengine.

Nikazunguka nyuma ya gari kumwangalia mbuzi. Alikuwa anatafuna polepole, ametulia. Kitu cha rangi ya njano kinaning'inia mdomoni.

Lo! Nilipiga kelele mpaka wenye majembe wakasimama. Pazia langu! Pazia la kitambaa kizito, la marinda, nililokesha nalo! Meno makali kweli, mama hakukosea. Mzee Mbaruku alikuja mbio akidhani nimegongwa, alipoona akakaa kwenye tairi akacheka machozi. Mimi pia nililia machozi, ila si ya kucheka.

Soni, Lushoto, na msitu

Njia ilifunguka mchana umeshaanza kuchoka. Tulipita Lushoto mjini watu wanafunga maduka, kila mtu na mfuko wa mchele kichwani na mashada ya matawi mabichi ya kupambia kanisa. Mzee Mbaruku alikuwa ameshafika kwake, lakini akasema hawezi kumwacha mtoto wa watu na mbuzi njiani, keki itasubiri. Tukapita msitu wa Magamba, mweusi kwa ukungu, taa zimewashwa. Hapo ndipo hasira yangu iliponiishia na woga ukaingia. Nimelegea kwa baridi, mapazia yameliwa, nina mbuzi, na ninakwenda kwa mtu asiyenitaka. Nilimwambia mzee hivyo hivyo.

"Asiyekutaka angekuitia nini?" akasema.

"Faini."

"Una kichwa kigumu wewe. Utawezana naye."

Malindi

Nyumba iko chini ya barabara, unateremka kwa ngazi za udongo katikati ya shamba la viazi. Nilianza kunusa moshi na chokaa mbichi kabla sijaiona. Kuta zilikuwa zimepakwa upya, uwanja umefagiliwa mistari mistari, makochi yametolewa nje yanapigwa vumbi, na wifi yangu Eliwaza, dada yake Zakaria, alikuwa anaanua vitambaa vya makochi vilivyofumwa kwa mkono, vyeupe. Alikuja akanikumbatia, nusura amkumbatie na mbuzi.

Mama akatoka jikoni anafuta mikono. Mwembamba, mrefu, sweta la kijani limefungwa vifungo mpaka shingoni. Nikapiga goti.

"Shikamoo mama. Onga mshi."

Mdomo wake ukasogea upande mmoja. "Marahaba. Mshi umekwisha, hii jioni. Lakini umejitahidi." Akanipokea mfuko, akamtazama mbuzi, akatazama nyuma yangu juu ya ngazi, kama kuna kitu bado kinashuka.

"Mbuzi iko wapi?" akaniuliza.

Nikavuta kamba. "Huyu hapa, mama."

"Huyu namwona. Nauliza mbuzi."

"Ndiye huyu, mama. Nimemwangalia meno. Miguu pia."

Akanitazama kama mtu anayetafuta homa usoni mwa mtoto. Kisha akanishika mkono, wa kwake wa baridi wenye magamba ya udongo, akanivuta hadi jikoni. Kwenye kona, juu ya gunia safi, zilikuwa zimepangwa nazi. Zimeshafuliwa, zimefutwa vumbi, kila moja macho yametazama juu.

"Mbuzi ya kukunia," akasema. "Nitakuna na nini hizi? Na kucha?"

Jamani. Mimi! Mimi niliyekalia mbuzi ya nazi tangu miguu haifiki chini! Mimi ninayejua ya mninga na ya mwembe kwa kuigonga tu! Angeagiza mama yangu mzazi, "njoo na mbuzi, angalia meno, miguu isiyumbe," ningeichukua bila kuuliza. Lakini imetoka mlimani, kwa mkwe, nikaona mnyama, nikaona faini. Haikunipitia akilini hata kidogo kwamba mtu wa huku anaweza kuwa anafikiria nazi. Na Kiswahili chake tulichokicheka kilikuwa sawasawa: mbuzi nzuri, yenye meno.

"Zaka alisema wewe wali usio na nazi unakukwama," akasema. "Nikateremka Mombo. Sijateremka Mombo tangu nimzike mume wangu. Nikanunua. Nimefika nazo juu ndipo nakumbuka sina cha kukunia, na huku hakuna mwenye nacho."

Nililia. Yale maneno makali niliyoyapanga Korogwe yote yakayeyuka, yakatoka mengine bila kupangwa. Nikamwambia ukweli, kwamba nilidhani ananitoza faini.

"Faini?" Akakaa kwenye kigoda. Eliwaza mlangoni alikuwa amejiziba mdomo kwa kitambaa cha kochi. "Faini ya nini?"

"Ya mwanao."

Akachokoa moto. "Harusini sikuja kwa hasira," akasema. "Niliona nimenyang'anywa. Hasira nimekaa nayo humu ndani peke yangu, inachosha. Nikasema nipike wali wa nazi." Akanitazama. "Na wewe umeniletea mnyama."

Akaanza kucheka yeye kwanza.

Jikoni

Siku iliyofuata ilikuwa mkesha, na nyumba ilikuwa haikaliki kwa kazi. Mapazia yaliyoliwa niliyakata yote yalingane, yakawa mafupi, yakaishia katikati ya dirisha. Mama akasema afadhali, atamwona anayeshuka ngazi kabla hajabisha hodi. Tulisuuza vyombo vya kabatini vinavyotoka mara moja kwa mwaka, tukachambua mchele, tukamenya viazi mpaka vidole vikakunjana.

Eliwaza akatumwa kwa majirani kuazima mbuzi. Akarudi amechoka kwa kucheka. Kila nyumba aliyouliza "mna mbuzi?" walimjibu, "Tunao, mnataka jike au beberu?" Mmoja alishaanza kufungua zizi.

Nikasema Zakaria ataileta. Nikampigia.

"Njoo na mbuzi," nikamwambia.

"Mwingine tena? Yule wa kwanza kafa?"

"Ya kukunia, Zakaria! Yenye meno! Mama alitaka ya kukunia nazi!"

Nikasikia ngurumo za basi, kisha kicheko kilichofanya abiria wenzake wamuulize kuna nini. Alikuwa ameshapita Segera. Kule njiani mbuzi ya nazi angeitoa wapi.

Mama akachukua kopo tupu la maziwa ya unga, akalipasua akalinyoosha, akatafuta msumari na jiwe, akakaa uwanjani akalitoboa matundu mpaka likawa na meno upande mmoja. Akanipa. "Haya, fundi. Meno hayo."

Tulikuna kwa zamu, mimi, yeye na Eliwaza, vidole vikichubuka. Nikamwonyesha kukamua tui zito kwanza, kuliweka kando, kisha jepesi. Yeye alitaka yote yaingie pamoja, kuokoa muda. Tukabishana. Alisema huku juu kitu hakiwekwi kando, kinaliwa. Nikamwambia, "Mama, kwenye nazi nisikilize mimi." Nikashtuka nilivyosema. Lakini yeye alisogea tu, akanipa mwiko.

Krismasi asubuhi jirani mchinjaji akaja na kisu chake, kwa sababu mbuzi sasa yupo, atafanywaje. Akampapasa tumbo, akasimama. "Mama Zaka, huyu ana mimba."

"Hata asingekuwa nayo," mama akasema. "Huyo simchinji. Atakaa zizini. Mwenyewe atakuwa anakuja kumwangalia."

Hakunitazama alipolisema, alimtazama mbuzi. Tulichinja majogoo. Baada ya ibada nyumba ikajaa, watu wakala wali wa nazi wakarudia, na mama akawa anamwambia kila anayeingia, kwa Kishambaa na kwa Kiswahili, habari ya mbuzi wawili, mmoja wa majani na mmoja wa nazi. Kila mara aliongeza chumvi. Mpaka jioni nilikuwa nimemwongoza yule mnyama kwa miguu kutoka Tanga.

Zakaria alikula amekaa katikati yetu, anatabasamu kama mjinga. Mama akaonja tui la juu kwa kijiko, akafumba macho.

"Hivi ndivyo mnavyokula kila siku?"

"Karibu kila siku, mama."

"Basi ndiyo maana watoto wetu hawarudi," akasema, akaongeza jingine.

Kurudi

Kuteremka hakuna hadithi. Tulibebeshwa peasi, plamsi, viazi na maharage mpaka Zakaria akaomba msamaha. Mama alisimama juu ya ngazi kwenye ukungu, mbuzi amemshika kamba. "Mfike salama," akasema, "wewe na mwenzako." Hilo neno tena. Nikajiambia yaliyopatikana yanatosha. Njia nzima nilikuwa najiambia yanatosha.

Jana, nikiwa nakata kitambaa cha sare, simu ikaita. Nikadhani ni mteja. Ilikuwa simu yangu, si ya Zakaria.

"Rehema," sauti ikasema. "Mbuzi wako kazaa. Jike, ana madoa kama mama yake. Pasaka uje umwone. Na mbuzi usisahau."

Ile ya mama yangu mzazi, ya mninga, nimeshaifunga kwenye kanga, iko nyuma ya mlango. Lakini wakati ule sikuweza kusema habari za mbuzi. Niliweka mkasi chini, nikajifanya mtandao unasumbua.

"Sikusikii, mama. Unamtaka nani?"

"Rehema," akasema kwa nguvu, kama anayeita mtu ng'ambo ya bonde. "Kwani wewe si Rehema?"